Maziwa Yanapozidi: Juu ya Mama Anyonyeshaye na Mtoto Wake Mchanga

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kwa desturi hotuba ya mahali hapa huwa juu ya karo za watoto, au kodi za nyumba, au namna ya kuwazika wafu wetu kwa heshima. Mwaka huu Halmashauri imetuagiza tuseme juu ya jambo lililo dogo machoni pa watu, nalo ni mama aliyejifungua karibuni ambaye maziwa yake yamezidi mahitaji ya mtoto wake. Twajua ya kuwa jambo hili ni la chumbani, na tangu zamani lilisemwa na wanawake peke yao, kwa sauti ya chini. Twaomba radhi kwa wazee ikiwa neno lo lote litaonekana limevuka mpaka wa adabu. Lakini jambo linaloweza kumlaza mama kwa homa, na kumwachisha mtoto kunyonya kabla ya wakati wake, limekwisha kutoka chumbani. Ni jambo la ustawi, na chama chetu kiliundwa kwa ajili ya ustawi.

Mtu aweza kuuliza: Je, wingi wa maziwa nao ni shida? Kina mama wangapi hulia kwa uchache wake? Swali hilo ni la haki. Lakini wahenga walisema, kizuri hakikosi ila. Mvua ni neema, na hakuna mkulima aliyeomba isinyeshe. Hata hivyo mvua iliyozidi kipimo huichukua mbegu pamoja na udongo wake. Ndivyo yalivyo maziwa haya. Nalo neno tulilokuja kulisema ni moja tu: kipimo cha maziwa ni mtoto mwenyewe, na kazi ya watu wa nyumbani ni kukilinda kipimo hicho kisiharibiwe.

Kabla ya kutoa shauri yafaa tujue kazi yenyewe ifanyikavyo. Mwili wa mama huanza kutengeneza maziwa kabla mtoto hajazaliwa. Siku za kwanza hutoka dang'a, yaani maziwa mazito yenye rangi ya manjano, nayo ni machache, kadiri ya vijiko tu. Uchache huo si upungufu. Tumbo la mtoto mchanga ni dogo, na dang'a ni kinga yake ya kwanza dhidi ya maradhi. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto aanze kunyonya katika saa 1 ya kwanza baada ya kuzaliwa, tena apewe maziwa ya mama peke yake, pasipo maji wala uji, mpaka atimize miezi 6. Kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hata miaka 2 na zaidi.

Kondo la nyuma likiisha kutoka, mwili hupata ishara, na kati ya siku ya 2 na ya 4 hivi maziwa huja kwa wingi. Matiti hujaa, yakawa mazito na yenye joto. Hali hii huwapata akina mama wengi, na mtoto akinyonya vizuri, mara 8 hata 12 katika mchana na usiku, hupungua yenyewe baada ya siku chache. Hiyo siyo shida tunayoisema leo, bali ndiyo mlango wake.

Kwa maana baada ya siku hizo za kwanza titi hufanya kazi kwa agizo. Kadiri maziwa yanavyotolewa, ndivyo mwili unavyotengeneza mengine. Na yakibaki ndani, titi lenyewe hupata habari ya kuwa yaliyopo yatosha, likapunguza kazi yake. Ni kama duka la mtaani. Mwenye duka huagiza mikate kwa kadiri ya wanunuzi. Akitokea mtu mmoja kila jioni, akaibeba mikate yote iliyobaki, mwenye duka ataagiza mingi zaidi kesho yake, akidhani ya kuwa mtaa umeongezeka watu. Majuma 4 hata 6 ya kwanza ndiyo majuma ya titi kujifunza hesabu hiyo. Mtoto wa mwezi 1 hata miezi 6 hunyonya kwa wastani kadiri ya robo tatu ya lita kwa siku. Mama ambaye mwili wake umefundishwa kutengeneza maziwa ya watoto wawili, hali anaye mmoja, ndiye huyu tunayemsema.

Wako akina mama walio hivyo kwa maumbile, pasipo sababu iliyo dhahiri. Wako wachache ambao wingi huo watoka katika ugonjwa wa tezi za mwili, au katika dawa wanazotumia, na hao daktari hana budi kuwapima. Lakini wengine wengi wameingizwa katika shida hii na mikono ya watu, kwa kukamuliwa au kujikamua kupita kiasi, na aghalabu kwa nia njema.

Dalili zake ni hizi. Matiti ya mama hubaki yamejaa hata baada ya kunyonyesha. Maziwa huvuja mpaka nguo zikalowa. Hupata maumivu, na vivimbe vigumu huku na huku. Kwa upande wa mtoto, maziwa humjia kwa nguvu kuliko awezavyo kumeza. Hupaliwa, hukohoa, huliachia titi na kulia, ama hulibana kwa fizi ili auzuie mbubujiko. Humeza hewa, tumbo likajaa gesi. Hucheua mara kwa mara, na choo chake huweza kuwa cha kijani chenye povu. Sababu ya choo hicho yaeleweka. Maziwa yatokayo kwanza katika titi lililojaa yana mafuta machache, na mafuta huongezeka kadiri titi linavyopungua. Mtoto wa mama huyu hushiba kabla hajayafikia yale yenye mafuta, na sukari ya maziwa mengi humpita tumboni kwa kasi. Maziwa ni yale yale mazuri. Kinachomsumbua ni wingi wake na mwendo wake.

Hapo ndipo hukumu za watu huanza. Mmoja asema maziwa ni mepesi kama maji. Mwingine asema mtoto hashibi, angalieni anavyolia. Wa tatu asema maziwa ya mama huyu ni mabaya, au jicho la hasidi limemwingia. Nao wote wamemtazama mtoto yule yule mwenye afya, ambaye uzito wake, kama angalipimwa, ungalionekana waongezeka kila juma.

Tutoe mfano mmoja wa mwaka uliopita, kwa idhini ya wenyewe na pasipo kutaja jina. Ndugu mmoja mwanachama, anayekaa katika chumba cha kupanga, alijaliwa mtoto wa kwanza. Mkewe alijifungua salama. Siku ya 4 matiti yake yalikuwa magumu kama mawe. Jirani mwema alimwazima pampu ya kukamulia, akamwambia asiache hata tone moja ndani kila amalizapo kunyonyesha, kwani maziwa yakilala huharibika. Mama yule alitii. Kila siku alikamua, na kila siku maziwa yalizidi. Juma la pili kanga zilikuwa zikilowa usiku kucha, na mtoto alipaliwa na kulia kila alipowekwa kifuani. Mama mkwe alikuwa amefika kutoka nyumbani kumwuguza mzazi. Alipoona choo cha kijani alitambua, kwa ujuzi wake wa miaka mingi, ya kuwa mjukuu hana raha. Akasema maziwa yamemkataa, apewe ya kopo. Baba alikwenda dukani akachukua kopo kwa mkopo. Mtoto akanyweshwa kwa chupa, titi likaachwa limejaa ghafula, na siku ya 3 mama alishikwa na homa na baridi, na upande mmoja wa titi ukawa wa moto na wenye maumivu makali.

Yule ndugu alikuja ofisini kuomba mkopo wa kununulia kopo la pili. Bibi mmoja wa tawi la akina mama, aliyekuwa amekuja kulipa mchango wake, ndiye aliyemwuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: Mtoto huyu amepimwa uzito? Jioni ile ile mama na mtoto walipelekwa kliniki. Mtoto alikuwa ameongezeka vizuri sana. Muuguzi alimwambia mama ya kuwa maziwa yake ni mazuri, akamtibu homa, akamwonyesha namna ya kumrudisha mtoto kifuani na kuiacha pampu kidogo kidogo. Mwezi haukwisha mambo yakatulia. Kopo la pili halikununuliwa.

Wazee wetu, katika habari hiyo hatumwoni mtu mbaya. Jirani alipenda, mama mkwe alipenda, baba alipenda. Kila mmoja alitoa shauri lililotoka moyoni, na kila shauri liliongeza moto. Tumeisema habari hii kwa sababu katika nyumba zetu si mama mwenye miaka 20 akataye shauri. Shauri hukatwa na nyanya, na shangazi, na mama mkwe, na baba mwenye fedha. Kwa hiyo elimu hii ikimfikia mama peke yake, haitafika mbali.

Basi na tuyaseme yafaayo kutendwa, kama tulivyoelezwa na wauguzi na wakunga.

Kwanza, mtoto anyonye apendavyo, usiku na mchana, wala titi lisikamuliwe mpaka tone la mwisho. Ikiwa limejaa hata chuchu ikawa ngumu na mtoto hawezi kuishika vema, mama akamue kidogo kwa mkono, kiasi cha kulilainisha tu, kisha ampe mtoto. Vivyo hivyo akiwa na maumivu kati ya nyakati za kunyonyesha: atoe kidogo apate nafuu, aache. Kutoa kwa ajili ya nafuu ni jambo moja, na kutoa kwa ajili ya kumaliza ni jambo jingine. La kwanza hutuliza, la pili huagiza maziwa mengine. Mama ambaye amezoea kukamua sana asikome siku moja kwa ghafula, bali apunguze siku kwa siku.

Pili, akae kwa namna ya kuyapunguzia maziwa mwendo. Ajilaze chali kidogo, akiegemea mito au ukuta, mtoto awe juu yake, tumbo kwa tumbo, ili maziwa yapande badala ya kumwagika. Mbubujiko ukija kwa nguvu, amtoe mtoto kwa muda, ayaache yamwagikie kitambaa safi, kisha amrudishe. Ampumzishe mara kwa mara ili abeue. Na mtoto akiridhika kwa titi moja, asilazimishwe la pili. Anyonye lile kwa utulivu mpaka aliache mwenyewe, na lile la pili lingoje zamu yake.

Tatu, iko njia ya kumpa mtoto titi moja tu kwa muda wa saa kadhaa, kila aombapo, kisha la pili kwa saa kama hizo, ili lile linalopumzika lipate habari ya kupunguza kazi. Njia hii yafaa, lakini ni kama dawa. Isitumiwe katika majuma ya kwanza wakati maziwa yangali yakijipanga, wala isitumiwe pasipo ushauri wa muuguzi na kupima uzito wa mtoto, maana ikipita kiasi mama mwenye mengi aweza kujikuta ana machache. Ziko pia dawa za daktari za kupunguza maziwa. Hizo ni za daktari, si za kuazimana.

Nne, maumivu yatulizwe kwa upole. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kikiwekwa juu ya titi baada ya kunyonyesha hupunguza uvimbe. Kukandwa mwili kwa maji ya moto ni mapokeo ya mama zetu baada ya uzazi, nasi hatuyapingi. Bali titi lililovimba lisikandwe kwa nguvu wala kusuguliwa, kwani nyama zake za ndani huumia na uvimbe huzidi. Wala lisifungwe kwa kanga iliyokazwa. Nguo ya kulishikilia ni njema, maadamu haibani.

Tano, mama asinyimwe chakula wala maji kwa kusudi la kupunguza maziwa. Uji wa wimbi, njahi, samaki, mboga, matunda, kila nyumba na desturi yake, yote ni haki ya mzazi. Hesabu ya maziwa haipunguzwi kwa kumlaza mama na njaa. Lakini asinunuliwe dawa wala mitishamba ya kuongeza maziwa kama hakuna aliyepima na kuona ya kuwa yamepungua.

Sasa twaomba tuseme juu ya hatari, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Sehemu ya titi ikiwa ya moto, yenye kuvimba na kuuma, na mama akapata homa au kutetemeka kwa baridi, huo huenda ukawa ugonjwa wa titi. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani upesi, kwa hiyo mkono wenye kupima joto ni shahidi kuliko jicho. Kwa kawaida mama aendelee kunyonyesha. Maziwa hayo hayamdhuru mtoto, na kuacha ghafula huongeza shida. Kama hajapata nafuu katika saa 24, au kama amezidiwa kabla ya hapo, apelekwe kwenye kituo cha afya. Dawa za kuua vijidudu zitolewe na mwenye ujuzi, wala zisinunuliwe kwa kubahatisha. Ugonjwa ukipuuzwa waweza kufanya jipu ambalo halina budi kutolewa usaha hospitalini.

Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI, ambaye anatumia dawa zake na kunyonyesha kwa maelekezo ya kliniki, asikawie hata siku moja akiona titi limevimba au chuchu imepasuka, kwani mambo hayo huongeza hatari kwa mtoto. Na nyumba yake isimwonee haya, bali impeleke.

Kwa mtoto nako ziko ishara za kuharakisha: akikataa kunyonya, akiwa na homa, akipumua kwa shida, akionekana na damu katika choo, akikojoa chini ya mara 6 kwa siku baada ya juma la kwanza, au asiporudia uzito wa kuzaliwa kwake baada ya majuma 2. Hapo pasiwe na baraza la nyumbani kwanza. Mtoto apelekwe.

Bwana Mwenyekiti, kuna hofu moja ambayo sisi tulio makarani na wafanyakazi wa mshahara twaijua vizuri. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mama likizo ya miezi 3 yenye mshahara kamili. Mama huhesabu siku hizo, akaogopa ya kuwa akirudi kazini mtoto atakosa maziwa. Kwa hiyo huanza kukamua na kuweka akiba tangu juma la kwanza. Hofu hiyo ndiyo inayoleta wingi tunaousema. Na waambiwe ya kuwa hakuna haja ya haraka. Maziwa yakiisha kujipanga, na likizo ikikaribia kwisha, akamue kidogo mara moja kwa siku, yatatosha kuanzia. Maziwa yaliyokamuliwa katika chombo safi hukaa saa 4 penye kivuli kisichopita joto la digrii 25, na katika friji hata siku 4. Mahali penye joto kali muda wake ni mfupi zaidi. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo kisafi, ambacho ni rahisi kuosha kuliko chupa. Na kwa upande wa waajiri, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yawaagiza kutenga mahali pa akina mama kunyonyesha au kukamua. Wanachama wetu walio katika vyama vya wafanyakazi na waulize mahali hapo ni wapi.

Ingawa tumesema juu ya kupunguza, hatupendi wingi huu uonekane kuwa laana. Uko mlango ambao maziwa yaliyozidi huweza kuokoa mtoto mwingine. Tangu mwaka 1909, mjini Vienna, watu walianza kuweka benki za maziwa ya mama kwa ajili ya watoto wasio na maziwa. Katika nchi yetu benki ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa mwaka 2019 katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, hospitali ambayo yenyewe ilianzishwa mwaka 1926. Mama atoaye hupimwa kwanza virusi vya UKIMWI, kaswende na ugonjwa wa ini. Maziwa hupashwa moto wa digrii 62.5 kwa dakika 30, kisha hupozwa na kuwekwa. Hupewa hasa watoto waliozaliwa kabla ya wakati wao, ambao mama zao wamefariki, au ni wagonjwa, au hawajapata maziwa bado. Watoto hao, wakinyweshwa maziwa ya kopo, huwa katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa matumbo kuoza. Maziwa ya mama, hata yakiwa ya mama mwingine, huipunguza.

Lakini tahadhari ni mbili. Maziwa yasitolewe kwa jirani mlangoni pasipo vipimo, hata kama moyo ni mwema, kwa kuwa maradhi huweza kupita katika maziwa. Na wenzetu Waislamu wanayo sheria ya undugu wa kunyonya, ambayo huzuia ndoa baina ya walionyonya kwa mama mmoja. Hao wawaulize masheikh wao kabla ya kutoa au kupokea. Wala mama asijitie katika kukamua zaidi kwa ajili ya sifa ya kutoa. Mtoto wake na afya yake vyatangulia.

Mtasema: Kwa nini chama kijishughulishe hivi? Tutajibu kwa hesabu. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2008 hata 2009 ulionyesha ya kuwa katika kila watoto 100 wenye umri wa chini ya miezi 6, ni 32 tu waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama peke yake. Mwaka 2014 walikuwa 61. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, na wauguzi wetu wastahili heshima. Lakini mwaka 2022 walikuwa 60. Gari limesimama mlimani. Sheria ya mwaka 2012 imekataza kutangaza vyakula vya kuchukua mahali pa maziwa ya mama. Bali hakuna sheria iwezayo kuingia chumbani saa nane za usiku, mtoto anapolia na mama anapoambiwa ya kuwa maziwa yake ni mabaya. Humo chumbani waingiao ni sisi.

Kwa hiyo twaomba Mkutano huu ukubali mambo matatu, nayo yaandikwe katika kumbukumbu.

La kwanza, mtoto mchanga akizaliwa katika nyumba ya mwanachama, wazee wa tawi wapelekapo pongezi wapeleke na swali hili: Mtoto amepimwa uzito juma hili? Na shauri la kopo au la kuacha kunyonyesha lisitolewe na mtu wa nyumbani mpaka mtoto amepimwa na muuguzi amesema.

La pili, nauli ya mama aliyejifungua, ya kwenda kliniki na kurudi, ilipwe na Mfuko wa Ustawi katika majuma 6 ya kwanza, pasipo kungoja kikao cha Halmashauri. Mtakaposikia hesabu zikisomwa baada ya hotuba hii, mtaona ya kuwa mfuko wetu waijua njia ya makaburini kuliko njia ya kliniki. Hatusemi wafu wasizikwe. Twasema nauli ya walio hai ni ndogo kuliko gharama ya matanga.

La tatu, tawi la akina mama lichague wawili au watatu walionyonyesha na kuyaona haya, wafundishwe na kituo cha afya, nao wawe wenye kuitwa mchana na usiku. Waume nao wasikae kando. Mume aweza kuchota maji, kufua nepi na kanga zilizolowa, kupika uji, na kumwambia mkewe mbele ya watu wote ya kuwa maziwa yake ni mazuri. Neno hilo halina gharama, na mama akitulia moyo maziwa hushuka vizuri zaidi.

Wazee wetu, ninyi mliketi katika mabaraza mkaamua mambo ya mashamba, na mahari, na mirathi. Mtoto wa majuma 2 hana baraza la kupeleka shitaka lake. Anacho kilio tu, na kilio chake chaweza kufasiriwa vibaya. Kwa hekima yenu kifasirini vema. Msimwondolee chakula chake kwa sababu kimekuja kingi, bali msaidieni mama kukipima, mpaka mtoto na titi wapatane hesabu.